Mkono Nyuma ya Bega Langu

Jumamosi, 2 Machi

Hili sijamwambia mtu. Si Mama, si kaka, si yule daktari wa shule aliyenipima macho na meno akaandika "afya njema". Sisikii.

Sio kwamba sisikii kabisa. Lori likipita nalisikia. Mlango ukibamizwa nausikia. Sauti nene nene zinafika. Lakini maneno yananijia kama yamefunikwa blanketi. Sikio la kushoto lilianza baada ya ile homa ya mwaka juzi, la kulia likafuata. Kinachoniokoa ni midomo. Midomo inayosema Kiswahili naisoma upesi, ndiyo niliyoitazama tangu nanyonya. Ile lugha ya darasani inanishinda. Walimu wanaisemea puani, midomo haifunguki, alama zangu zimeporomoka na Mama anadhani nimeanza mambo ya wavulana. Afadhali adhani hivyo.

Nina sababu. Mama Mkubwa, dada yake Mama, alizibika masikio akiwa bado kijana. Watu walianza kwa kumpazia sauti, kisha wakachoka, kisha wakawa wanamjadili mbele yake kama kabati. "Ameshakula huyu?" "Hebu msogezeni pale." Yeye anakaa pembeni anatabasamu kwa kila kitu, hata kwa habari za msiba. Nilipokuwa na miaka minane na mimi nilikuwa namcheka.

Na kuna mchezo. Nacheza upanga, ule mwembamba wenye ncha butu, mara tatu kwa wiki kwenye klabu. Siku ya kwanza kabisa Kocha alitupanga mstari akasema: "Asiyesimama nikisema simama, hashiki upanga. Hapa bila masikio ni ajali tu." Nilikuwa mbele, niliyaona maneno yote. Nimeyabeba tangu siku hiyo.

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu.

Ukumbi wetu ni ghala la zamani la nguo, paa lake ni mabati matupu. Mvua ikianza kule juu hakuna anayemsikia mwenzake. Leo Kocha alipuliza filimbi hadi mishipa ya shingo ikamtoka, watu wakaendelea kuchomana. Mwisho akakusanya kila mtu na kuonyesha kwa vidole: kuanzia leo, mvua ikinyesha, kila kitu ni kwa mikono.

Wenzangu wakaanza kulalamika. "Eh? Eh? Unasemaje?" Wanatembeza macho, wanaudhika, wanapishana. Mimi nikasimama katikati yao nikiwa sawa na kila mtu. Nusura nilie kwa raha.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mikono tupu.

Mwamuzi wetu anaitwa Mama Kadi. Mchana anafanya kazi posta, jioni anakuja na sketi yake ya kazini na viatu vya raba, na mfukoni ana kadi tatu: njano ya onyo, nyekundu ya kukunyima pointi, nyeusi ya kufukuzwa mashindanoni. Watu wanamwogopa kwa hizo kadi. Mimi namwogopa kwa macho yake. Anatazama mtu kama anayekagua stempu.

Lakini mikono yake! Taa zote mbili za mashine ya miguso zinapowaka, wachezaji wawili wanakuwa wamegusana karibu wakati mmoja, na pointi ni ya yule aliyeanza kushambulia. Basi yeye anasimulia. Mkono wa upande wa mshambuliaji unanyooka: huyu alianza. Mkono wa pili unakata hewani: huyu alikinga. Unanyooka: akajibu. Halafu kiwiko kinakunjwa, kiganja juu: pointi yake. Viganja viwili vikielekeana, walianza pamoja, hakuna kitu. Kiganja kimoja wima mbele yake: simama.

Anasimulia taratibu na kwa usafi. Sijawahi kuelewa mwalimu yeyote namna hii.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Nimelala mapema, nimelala vizuri.

Jumatatu, 11 Machi

Aibu ya mwaka.

Kocha alisema kila mchezaji lazima aamue angalau mechi moja. Nikawekwa kuamua kati ya Fimbo na msichana mmoja mgeni. Fimbo ndiye rafiki yangu wa klabu na wa shule, mrefu mpaka barakoa ya waya inamkaa kama chungu kwenye mti. Yeye ndiye aliyenipa jina la Kimya.

Fimbo akashambulia, akagusa. Nikanyoosha mkono, nikakunja kiwiko, nikampa pointi yule mgeni. Mara ya pili, hivyo hivyo. Fimbo akavua barakoa. "We Kimya! Umenunuliwa na nani? Mimi ndiye niliyemchoma huyu, mbona unamzawadia?"

Watu wamekufa kwa kicheko. Kocha akaja akanitazama mikono, akasema, "Binti, ulijifunzia wapi, kwenye kioo?"

Ni kweli, nimejifunza kinyume. Wenzangu wanamtazama mwamuzi wakiwa wamesimama nyuma yake au pembeni, wanasikiliza. Mimi kila siku nasimama mbele yake, ng'ambo ya njia ya kuchezea, ili nione midomo. Kulia kwake ni kushoto kwangu. Nimeikariri mikono yote imegeuka.

Nikasema, "Nilichanganyikiwa." Kocha akacheka. Mama Kadi hakucheka. Aliangalia pale ninaposimama siku zote, kisha akaniangalia mimi.

Jumanne, 12 Machi

Kaka kanipungia mkono usoni mezani: "Wewe! Masikio umeyasahau shuleni? Nimekuomba chumvi mara nne." Nikampa chumvi na kofi la bega. Tukacheka. Mama hakucheka, alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

Jumatano, 20 Machi

Wiki nzima mvua. Wenzangu wanaichukia, nguo zinanuka uvundo, glavu hazikauki. Mimi kila asubuhi natoa mkono dirishani kabla sijafungua macho vizuri.

Nimegundua jambo ambalo lazima niliandike ili nisilisahau hata nikiwa na hofu. Anayeitwa kwanza anasimama kulia kwa mwamuzi. Sisi tunaotumia mkono wa kulia tunasimama ubavu, kifua kimeelekea kushoto. Kwa hiyo nikiitwa wa kwanza, kifua changu kiko kwa Mama Kadi. Mkono wake nauona kwenye pembe ya jicho, hata nikiwa nashambulia. Nikiitwa wa pili, yuko nyuma ya bega langu la kulia. Hayupo. Ni giza.

Kwenye giza nina njia moja tu: namtazama mpinzani. Akisimama, nasimama.

Kila jioni ninaomba: niitwe wa kwanza.

Jumamosi, 23 Machi

Fimbo alikuja kwetu. Tulikaa kwenye ngazi ya nje tukikausha glavu. Akaniambia kwamba kila akiona giza la barakoa anahisi kutapika, na kwamba anacheza kwa sababu mama yake alilipia vifaa na hathubutu kuacha. "Usimwambie mtu, Kimya. Wewe ndiye mtu pekee asiye na mdomo mrefu."

Kanipa siri yake, basi. Mimi nikafungua mdomo nimpe yangu. Nilikuwa na sentensi nzima ulimini. Ikatoka: "Hii yako bado mbichi, igeuze." Nilikuwa nasemea glavu.

Alhamisi, 28 Machi

Leo haijanyesha.

Ijumaa, 29 Machi

Haijanyesha. Kocha amerudisha filimbi shingoni.

Jumatatu, 1 Aprili

Jua. Ukumbi umekauka, kila mtu anapiga soga, midomo inakwenda kila upande na siwezi kuitazama yote. Mtu alinisemesha akiwa amevaa barakoa, nikasema "Ndiyo". Akaniangalia. Nikasema "Hapana". Akaondoka.

Kwenye mechi niliitwa wa pili. Fimbo alisimama ghafla, nami nikasimama, hatua moja nimechelewa. Kumbe ulikuwa mtego wake. Ana kamchezo kake: anaushusha mkono kama amechoka, ukisita tu anakuchoma. Akanichoma begani. Akasema, "Ukiniona nimelala, niamshe. Usinisubiri!"

Sasa sijui. Akisimama, ni simama au ni mtego?

Alhamisi, 4 Aprili

Jua. Mama anafurahi, anaanika godoro.

Jumamosi, 6 Aprili

Majina ya mashindano yametoka. Niko. Fimbo yuko. Kocha akaniambia mbele ya watu, "Huyu msichana anamtazama mwamuzi kama anasoma barua. Igeni." Wakanipigia makofi. Mikono niliiona ikipiga.

Ningesema ninaumwa. Ningesema mtihani. Nina wiki nzima ya kusema. Nimetia sahihi fomu, na pale walipouliza kama nina tatizo lolote la kiafya nimeandika "Hakuna" kwa herufi kubwa na nzuri, herufi nzuri kuliko zote kwenye fomu ile.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimetoa mkono dirishani mara tano. Hakuna kitu.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika polepole kwa sababu nataka iwe sawa.

Ukumbi wa mashindano ni wa saruji, dari ya zege. Hata ingenyesha, kusingesaidia. Wachezaji wa klabu moja wanapambanishwa mwanzo, wasije wakaachiana baadaye. Kwa hiyo mechi yangu ya kwanza ilikuwa na Fimbo, na mwamuzi alikuwa Mama Kadi.

Alinyoosha kidole. Fimbo, kulia. Mimi, kushoto.

Nilihisi kama mtu kanizimia taa. Nikaunganisha waya wangu mgongoni, ule unaopeleka mguso kwenye mashine. Vidole vilikuwa na jasho, sikuusukuma mpaka mwisho. Sasa najua.

Tulicheza hadi tatu kwa tatu. Kila mara nilisimama Fimbo aliposimama, na kila mara ilikuwa sahihi. Mwilini nilianza kuamini kwamba nitapita. Pale kwenye tatu kwa tatu, Mama Kadi alitupanga tena. Niligeuza kichwa nikaona viganja vyake vikikutana: anzeni. Nikamgeukia Fimbo.

Nilimsogelea. Akarudi nyuma. Nikamsogelea. Na hapo akasimama, na mkono wake ukashuka.

Nilikuwa na muda wa wazo moja. Wazo lenyewe lilikuwa: mtego, usimsubiri. Nikaruka.

Nilipokuwa hewani ndipo nilipoona mkono wake wa pili umeshika barakoa kwa chini na unaisukuma juu, na chini ya barakoa anacheka. Alikuwa anataka kuniambia waya wangu umechomoka. Ndicho alichosimamishia Mama Kadi mchezo, waya wangu mimi. Alikuwa amepaza sauti mara mbili nyuma ya bega langu.

Ncha ikaingia chini ya taya.

Haikwenda ndani. Ni butu, na upanga ulijikunja. Lakini ilichana ngozi, na damu ya hapo haina subira. Ilishuka kwenye koti jeupe. Fimbo alikaa chini na miguu yake mirefu imekwenda huku na huku kama ya mtoto. Alinitazama. Hakulia. Alinitazama tu.

Watu wakaja. Kocha akapiga magoti na taulo. Mama yake Fimbo alitoka kwenye viti, mdomo umefunguka wote, nikashukuru kwamba hiyo sikuisikia.

Mama Kadi akaja mbele yangu. Alinivua barakoa yeye mwenyewe. Akasema taratibu, uso wake karibu na wangu: "Nilisema simama. Mara mbili. Ulinisikia?"

Hapo ndipo. Dunia nzima ilikuwa kwenye neno moja. Nikisema sikukusikia, ataniuliza kwa nini, na kesho naketi pembeni na Mama Mkubwa.

Nikasema, "Ndiyo. Nilikusikia."

Uso wake ulibadilika. Sijui kuuandika. Ni kama alikuwa ameshika mlango wazi kwa ajili yangu, akauachia.

Akatoa kadi nyeusi.

Jumapili, 14 Aprili

Fimbo ameshonwa nyuzi tatu. Kocha amempigia Mama.

Jumatatu, 15 Aprili

Klabu wananiita Mchinjaji. Hawaniiti mbele yangu, lakini nauona mdomo ukilitamka upande wa pili wa ukumbi. Wanadhani mtu akiwa mbali hasikiki.

Mama aliniketisha kitandani kwake. "Mwanangu, nitazame. Ulimchoma makusudi?"

Nikaendelea kuitazama midomo yake.

"Basi mlikuwa mmegombana? Ni mambo ya wavulana?"

Nikavuta uzi wa shuka.

"Haya. Mimi sikuzaa mtoto wa kuchinja wenzake, lakini kama ndiye niliyepewa, nitakaa naye." Akageuka dirishani na kuendelea kusema, na mengine yote yakaenda kwenye kioo. Mgongo wake ulikuwa unatikisika. Nilikaa nyuma ya mgongo ule na sijui mama yangu alikuwa ananiambia nini.

Jumatano, 17 Aprili

Kikao cha klabu kuhusu mimi ni Jumamosi. Watakuwepo Kocha, Mama Kadi, mama yake Fimbo na Mama. Nikikiri kusudi, ninafungiwa msimu mzima na barua inakwenda shuleni. Kaka anasema niseme upanga uliteleza. "Hata wakubwa huteleza, mdogo wangu. Lia kidogo, maliza." Kaka yangu ana huruma nyingi na akili ya kuku.

Msimu mzima si kitu. Nimepiga hesabu zangu: kuitwa katili kunaisha, watu husahau. Kuwa kabati hakuishi. Nimeridhika kabisa na hesabu hiyo.

Alhamisi, 18 Aprili

Hesabu imeharibika. Sijalala sawasawa.

Nilikutana na Fimbo kwenye korido ya shule. Ana bandeji nyeupe chini ya taya. Nilikuwa nimebeba rula ndefu ya mwalimu wa jiometri, nampelekea, basi. Nikakunja kona, na Fimbo alipoiona rula aliruka nyuma, bega likagonga ukuta, mikono yote miwili ikaenda shingoni.

Fimbo, ambaye mwaka mzima amevaa ile barakoa huku anaona kichefuchefu, na hakuna aliyejua ila mimi. Sasa mimi ndiye giza lenyewe.

Nikaiweka rula chini. Akashusha mikono, taratibu. Midomo yake ilikuwa mikavu na niliisoma vizuri kuliko kitabu chochote.

"Nilikukosea nini?"

Nikaitazama bandeji.

"Nakuuliza, Kimya. Nimekaa siku tano nawaza. Ni ile siku ya glavu? Kwa sababu nilikuambia ninaogopa? Ulisikia naogopa ukaamua kunimaliza? Niambie tu nilikukosea nini, sitamwambia mtu."

Nimekimbia. Niliiacha rula sakafuni nikakimbia hadi chooni, nikafunga mlango na kukaa humo mpaka vipindi viishe.

Kwa hiyo huyu mtu anatafuta kosa lake ambalo halipo. Atalitafuta hata akiwa mzee. Kosa lililopo ni langu, nimelikalia kama kuku kwenye mayai, ili watu wasiniambie nisogee pembeni.

Nilisema namwogopa Mama Kadi kwa macho yake. Nadhani alikuwa mtu pekee aliyekuwa ananitazama kwa makini kiasi cha kuniuliza swali sahihi. Nikamdanganya usoni, na yeye, kwa kuwa ni mwamuzi, akaamini alichoambiwa.

Ijumaa, 19 Aprili, alasiri

Mama kaingia mara moja, kaniwekea chai, kasimama mbele yangu akasema: "Yule mwenzako na mama yake wanakuja saa kumi. Wanataka kuzungumza kabla ya kesho. Uwe na neno la kuwaambia, mwanangu. Lolote. Hata la uongo, lakini liwe neno." Nilimshika mkono. Akashangaa, hatujashikana tangu Jumapili.

Nimejaribu kulisema mbele ya ukuta. Nikisema kwa sauti sijui nimepiga kelele au nimenong'ona, na nikianza kulia midomo yangu itakwenda ovyo hata mimi ningeshindwa kuisoma. Kisha wataniuliza, wote watatu kwa pamoja, na sitajua nimtazame nani.

Naogopa. Naandika hivyo ili niwe nimesema kweli walau mara moja leo. Naogopa Kocha atasema bila masikio ni ajali tu, na atakuwa sahihi, kwa sababu ajali imetokea. Naogopa Mama atakumbuka chumvi, na alama, na mgongo wake pale dirishani, na ataanza kuhesabu maneno yote aliyoyapoteza. Naogopa Jumatatu watu watanisemesha kwa kupaza sauti. Naogopa zaidi kwamba watachoka.

Lakini Fimbo atajua hakunikosea kitu.

Saa kumi imefika. Ninajua wameingia kwa sababu sakafu yetu ni ya mbao na niko pekupeku. Hatua nzito ni za Mama. Zile za haraka sizijui, nadhani ni za mama yake. Na za nyuma ni ndefu, zinakanyaga, zinasita, zinakanyaga. Yule wa nyuma anaogopa kupanda ngazi za kwetu.

Kila siku hapa ndipo ninapolifunika daftari kwa kitabu cha historia.

Nimelifungua ukurasa wa kwanza kidogo, nimesoma mstari wa juu, nimerudi hapa kumalizia. Ubao wa mbele ya mlango umetikisika. Nitalifungua tena pale mwanzo na kuliweka mezani, nimeligeuza, limewaelekea wao, ili Fimbo akiingia alisome bila kunisubiri niseme.